Kijiwe Ndani ya Mfupa wa Mbuke

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka katika duara namba saba, shimo la wachimba dhahabu wa Nyarugusu, Maige alishuka peke yake akiwa na tochi kichwani na nyundo ndogo mkononi. Alikuwa fundi matimba. Kazi yake ilikuwa kusimika magogo yanayozuia kuta za shimo zisiwaangukie wachimbaji. Lakini gogo lilikuja baadaye. Kwanza aligonga ukuta kila baada ya hatua moja, akasikiliza. Mwamba mzima hujibu kwa mlio mkali na mfupi, kama chuma. Mwamba uliojitenga, hata kama macho hayaoni alama, hujibu kwa sauti nzito iliyofifia, kama debe lililojaa pumba. Hapo Maige alichora msalaba kwa chaki, na hakuna aliyepita mpaka gogo lisimame. Akimaliza alipanda juu, akajifuta vumbi, akasema neno moja: “Piteni.” Asiposema, hata mwenye duara hakushuka. Kwa miaka kumi na minane hakuna mtu aliyefukiwa katika duara alilolisimamia.

Binti yake Mbuke alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwezi wa pili alianza kuchechemea mguu wa kulia, siku mbili hivi, kisha akaacha, kisha akaanza tena. Mama yake, Violeth, alidhani ni ndoo za maji. Mwezi wa tatu Mbuke aliruka mtaro mdogo akitoka shule. Hakuanguka. Alitua kwa mguu mmoja, akasikia kitu kama kijiti kikikatika ndani ya paja, na tangu siku hiyo maumivu hayakuondoka. Alipewa vidonge vya maumivu. Vidonge vilipoisha maumivu yalikuwa palepale.

Jumapili moja mchana Maige alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na Kalisti, mchimbaji mwenzake, Msumbwa wa Ushirombo. Mbuke alikuwa kwenye mkeka akimenya karanga. Alipotaka kuinuka alishika ukuta kwa mikono miwili, kama mwanamke mzee.

“Hebu lala tena,” Maige alisema. “Chali. Nyoosha miguu.”

Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye mfupa wa nyonga ya kushoto, juu ya kanga, na kwa kifundo cha kidole akagonga goti la mguu huohuo. Mlio ulimfikia mfupi na safi. Akahamia upande wa kulia, akagonga vilevile.

Kalisti alicheka mpaka akakohoa. “Wasukuma mmekwisha! Ng’ombe wameisha, sasa mnagonga watoto?”

“Nyamaza wewe Msumbwa, nisikie.”

“Sawa. Akikujibu uniambie ana gramu ngapi.”

“Baba, mimi si mwamba,” Mbuke alisema akiwa amefumba macho.

“Najua. Tulia.”

Aligonga mara tatu kila upande. Upande wa kulia mlio ulifika umechoka, kama uliopitia kwenye pumba. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta chaki, akauona unakwenda, akaurudisha. Kalisti alikuwa ameacha kucheka.

“Kuna nini?”

“Kuna kitu kimejitenga,” Maige alisema. Kisha akamwambia mtoto, “Kuanzia sasa hukanyagi chini. Mahali pa kwenda nitakubeba.”

Geita walipiga picha ya eksirei. Kijana aliyeipiga alimwita mwenzake, na huyo akamwita mwingine. Walitoka na barua iliyosema kwamba mfupa wa paja la kulia una uvimbe kwa ndani na ufa mwembamba, na kwamba mtoto apelekwe haraka kwa daktari bingwa wa mifupa. Bingwa aliyekuwa na nafasi wiki hiyo alikuwa Shinyanga.

Kuhusu uvimbe wa mfupa, Maige alijua jambo moja. Kulikuwa na mchimbaji wa upande wa Bulyanhulu aliyeota uvimbe kwenye ugoko. Walimkata mguu juu ya goti, na hakuziona mvua zilizofuata. Maige hakumtaja mtu huyo kwa mkewe. Violeth naye alikuwa anamjua, na yeye pia hakumtaja. Njia nzima walizungumza habari za pamba.

Mama mzazi wa Violeth alikuwa Kishapu, si mbali na Shinyanga, na alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Huko kulikuwa na mzee anayekanda mifupa kwa mafuta ya samli. Mtoto apelekwe kwake kwanza, kabla ya hao wenye visu. Kwa hiyo walipoingia hospitali walikuwa na njia mbili mkononi, na hawakuwa wamechagua.

Daktari Philomena alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya chini. Alipokea shikamoo ya Mbuke, akamwuliza yuko darasa la ngapi, akampapasa paja kwa vidole viwili tu, kisha akawageuzia wazazi kioo cha kompyuta. Alikuwa amezoea swali moja, kama ni saratani, na alilisubiri. Halikuja. Maige aliuliza kitu kingine.

“Naweza kusogea karibu?”

“Sogea.”

Alisimama mbele ya ile picha muda mrefu, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu asiyetaka kugusa kitu cha watu. Mfupa ulikuwa mweupe juu ya weusi. Chini kidogo ya nyonga weupe ulikatika, na mahali pake palikuwa na pango la kijivu, refu kama yai la bata, lenye ukingo uliochorwa vizuri.

“Humu ni wazi,” alisema hatimaye. “Kuta zimeliwa kwa ndani, zimebaki ganda. Huu ni ufa. Na hiki hapa kimedondoka.”

“Kipi?”

Alionyesha kwa kidole bila kugusa kioo. Chini kabisa ya pango kulikuwa na kibanzi cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele.

“Pengo lake lile pale juu, kwenye ufa. Kimebanduka, kikashuka mpaka sakafuni. Basi humu ndani hamna udongo wala nyama. Ni maji. Kungekuwa na kitu kigumu kingenasa njiani.”

Daktari aliivua miwani, akaivaa tena, akaitazama picha aliyokuwa ameshaitazama asubuhi. “Nani amekufundisha hili?”

“Hakuna. Ni kijiwe tu, kimeanguka.”

“Baba Mbuke, mimi nilifundishwa hili chuoni, kwenye kitabu, na wenzangu wengine walilikosa kwenye mtihani.” Alivuta kiti akakaa. “Uvimbe wa saratani una mwili. Kibanzi kikibanduka kinashikwa humohumo. Huu hauna mwili. Ni mfuko wa maji ndani ya mfupa. Ukingo wake ni safi, haujatoboa kutokea nje, uko katikati ya mfupa. Kwa picha hii nasema si saratani. Uhakika kamili tutaupata maabara wakipima utando wa ndani, lakini nasema si saratani.”

Violeth aliketi chini, ingawa kiti kilikuwepo. Aliweka paji la uso juu ya magoti.

Maige alikuwa bado amesimama. “Umetoka wapi?”

“Huwapata watoto wanaokua, kwenye paja au kwenye mkono hapa juu. Wengi hawajui kama wanao mpaka mfupa upate ufa. Kwa nini maji yanajikusanya, hakuna anayejua kwa hakika. Wengine wanasema njia yake ya kutokea huziba.”

“Zamani nilichoma zebaki nyuma ya nyumba, kusafisha dhahabu. Alikuwa mdogo.”

Alilisema kwa sauti ileile ya kawaida, lakini mkewe aliinua kichwa.

“Zebaki ni sumu, usiichome karibu na mtu tena,” daktari alisema. “Huharibu ubongo na figo. Hili haikulifanya. Ningekuwa na sababu ya kukwambia vingine ningekwambia.”

Maige aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa.

Kisha daktari akaeleza kazi yenyewe. Angefungua dirisha dogo kwenye mfupa, akavuta maji, akakwangua utando wote unaofunika kuta, kwa kuwa utando ukibaki maji hurudi. Angejaza pango kwa vipande vidogo vya mfupa kutoka nyonga ya Mbuke mwenyewe, na kwa nje angefunga bamba la chuma.

“Hapana,” Maige alisema.

“Hapana lipi?”

“Hukwangui.”

Hakupaza sauti. Alikuwa amelisema neno hilo kwa wenye maduara, kwa matajiri wa mjini, mara moja kwa askari mwenye bunduki, na siku zote lilitosha. Alieleza kwa ufupi, kwa kuwa daktari alikuwa mtu wa kazi kama yeye. Ukuta umebaki ganda, na tayari una ufa. Chumba cha namna hiyo hakikwanguliwi. Mwaka mmoja, kwenye duara la jirani, vijana wawili walikwangua ukuta uliopasuka kwa sababu ulikuwa na mng’aro. Ukawafukia, wakatolewa siku ya tatu. Mahali pa namna hiyo unasimika gogo kwa nje, unaondoka, na hupagusi tena.

“Basi mnampeleka kwa wanaokanda mifupa, kama wengi?” daktari aliuliza.

“Kukandwa nako hapana. Hakuna atakayegusa. Atalala.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka ukaze.”

“Sitakudanganya. Baada ya ufa, yapo mapango yanayoziba yenyewe. Labda moja katika kumi.”

“Na tisa?”

“Tisa yanabaki. Siku moja anageuka kitandani, mfupa unavunjika vipande viwili, na hapa ni karibu na nyonga. Ukiunga vibaya mguu huu utakuwa mfupi maisha yake yote.” Alisukuma fomu ya ridhaa mbele kidogo. “Duara ni lako. Sitashuka mpaka useme.”

Walitoka wakaketi kwenye benchi la barazani, Mbuke akiwa kwenye kitanda cha magurudumu pembeni yao. Violeth alisubiri muuguzi apite.

“Baba Mbuke. Kule chini unajua wewe. Humu anajua yeye.”

“Ukuta ni ukuta.”

“Mtoto ana ukuta?”

“Umeiona picha.”

“Nimeiona. Nimeona mtu anatafuta matimba kwenye paja la mwanangu.” Alifunga kanga yake upya, kwa nguvu. “Mama anapiga simu, ananiuliza tunakuja au hatuji. Nimjibu nini? Kwamba fundi hajasema?”

Mbuke alikuwa anatazama dari, ambako mjusi mmoja alikuwa anamfuata mwingine.

“Unauma?” Maige alimwuliza.

“Saa hizi?”

“Ndiyo.”

“Saa hizi hauumi. Nikilala kimya hauumi. Nikisimama ndiyo unauma.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Ni kama haupo.” Akageuza uso. “Huyu mjusi wa nyuma atachoka.”

Maige alibaki amemtazama. Mikono yake, iliyokuwa juu ya magoti, ilifunguka. Mchimbaji hajawahi kuingia chumba ambacho mlima umeondolewa juu yake. Mlima uko pale usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Ndio unaoua, ukuta ni njia yake tu. Lakini mlima wa mfupa huu ulikuwa mtoto mwenyewe. Akisimama ulikuwepo. Akilala haukuwepo. Miaka yote ya kugonga ukuta ilikuwa imemfundisha vizuri kuhusu kuta, na ilikuwa imemfanya asahau kuuliza uzito uko wapi.

Alirudi ndani bila kubisha hodi.

“Ukikwangua, atakuwa amelala?”

“Usingizi wa dawa. Mguu umelazwa mezani.”

“Hamna uzito wowote juu ya huo mfupa?”

“Hamna. Hata misuli inayouvuta inalegea.”

“Na hatasimama kabla chuma hakijaingia.”

“Hatasimama. Na baada ya chuma, wiki sita hakanyagi kabisa. Hapo nitahitaji mtu wa kumzuia, maana watoto wakiacha kuumwa wanakimbia.”

“Mtu huyo yupo,” Maige alisema. Akavuta kiti, akasoma fomu yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akaweka sahihi. Kisha akasema, kwa sababu ndivyo kazi inavyoanza, “Pita.”

Upasuaji ulifanyika Jumatano asubuhi na ulichukua saa mbili na dakika kumi. Daktari Philomena alipotoka alikuwa na kichupa cha kioo mkononi. Ndani yake kulikuwa na maji maangavu, ya rangi ya chai iliyozimuliwa sana.

“Haya ndiyo yaliyokuwemo.”

Maige alikipokea, akakielekeza dirishani. “Yote?”

“Yote. Vijiko vitatu vya chai.”

Alikuwa amewahi kuona pampu mbili zikifanya kazi wiki nzima na duara lisikauke. Alikuwa amejiandaa kuona ndoo. Vijiko vitatu vilikuwa vimeula mfupa mkubwa kuliko yote katika mwili wa mtu, kimyakimya, huku mtoto akichota maji na kuruka kamba. Alikigeuza kile kichupa mara kadhaa. Hakukuwa na kitu cha kuona ndani yake, na hakuweza kuacha kutazama.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu: utando wa kivimbe cha maji, hakuna saratani. Violeth alimpigia mama yake, akaongea naye kwa Kisukuma muda mrefu, na mara hii alicheka.

Wiki sita Mbuke hakukanyaga. Yeye na mama yake walikaa Kishapu kwa bibi, ambaye aliruhusiwa kumpaka samli kwenye mguu wa kushoto pekee. Maige alikuja kila Jumamosi kukagua. Kalisti alikuja naye mara moja, akaleta karanga kilo mbili na swali: “Dhahabu walipata kiasi gani huko ndani? Mbona hamtuambii wenzenu?”

“Walikuta maji, baba mdogo,” Mbuke alisema.

“Kama kawaida ya maduara ya baba yako.”

Kisha zikaja picha. Daktari alizipanga kwenye kioo, moja baada ya nyingine, na hapo ndipo Maige alipokutana na kitu ambacho kazi yake haikuwa na neno lake.

Picha ya siku ya upasuaji ilikuwa rahisi kusoma: bamba, skrubu sita, na ndani ya pango vipande vilivyomwagwa kama kifusi cha kujazia shimo. Hiyo aliielewa. Ya wiki ya sita ilikuwa na ukungu. Kingo za vipande zilikuwa zimeanza kupotea. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji, Mbuke alipoanza kutembea kwa gongo moja, ukungu ulikuwa mzito na mweupe. Mwezi wa tisa Maige alitafuta pango hakuliona. Palikuwa na mfupa. Mistari myembamba ilikuwa imejipanga ndani yake kutoka nyonga kwenda chini na kupishana, pale hasa ambapo yeye mwenyewe angesimika magogo kama angeulizwa uzito unapita wapi.

“Vipande ulivyoweka viko wapi?”

“Havipo tena. Mwili umevibomoa, ukajenga mfupa mpya mahali pake.”

“Nani aliyejenga?”

“Yeye mwenyewe.” Daktari alimwonyesha Mbuke kwa kalamu. “Ndani ya mfupa kuna chembe hai zinazobomoa na chembe hai zinazojenga. Hujenga pale panapobeba uzito. Zimo hata kwako, saa hii. Kwa mtu mzima, kila mwaka karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hubomolewa na kujengwa upya.”

Maige alifanya hesabu polepole. Miaka kumi na minane. Mifupa aliyoshuka nayo siku ya kwanza Nyarugusu, basi, kwa sehemu kubwa haikuwa hii aliyoikalia. Kila asubuhi alikuwa ameshuka na nyundo kukagua kazi ya mikono yake, magogo yanayoanza kuoza siku ileile yanaposimikwa, na muda wote huo ndani ya mkono ulioshika nyundo kulikuwa na mafundi wasiolala, wasiomwambia kitu, wanaobomoa na kusimika bila jengo kufungwa hata saa moja. Alitazama kiganja chake, akakigeuza upande wa pili. Daktari alikuwa ameyasema maneno yale kwa wazazi wengi na hakuwahi kuona mtu akiyapokea hivyo, na kwa kitambo naye aliitazama mikono yake.

“Kivimbe kinaweza kurudi,” daktari alisema baadaye, kwa kuwa ilikuwa kweli. “Kila miezi sita tutapiga picha mpaka amalize kukua. Lakini kwa leo, picha inaruhusu. Kutembea, kukimbia, kuruka.”

“Naweza kusikiliza?”

Daktari alivua kifaa chake cha kusikilizia moyo shingoni, akampa. Mbuke alishajilaza kitandani, miguu imenyooka, hakuhitaji kuambiwa. Maige aliweka kile kifaa katikati, kwenye mfupa wa mbele wa nyonga, akagonga goti la kushoto. Akagonga la kulia. Akarudia mara tatu, kwa utaratibu wake. Kisha akampa daktari naye asikilize, akamgongea.

“Kumbe,” daktari alisema taratibu. “Inafanana.”

Mbuke alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining’inia, akimtazama baba yake. Daktari alikuwa ameruhusu, picha ilikuwa imeruhusu, lakini yeye alikuwa amekulia Nyarugusu.

“Baba?”

Maige alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na vumbi.

“Pita,” alisema.

Mbuke akashuka kitandani, akatoka mlangoni mbio. Hakumwambia baba yake kwamba ule mtaro wa njia ya shule alikuwa ameshauruka Jumamosi iliyopita, kwenda na kurudi.